Jibu la Kichwa

Stamena alikuwa ameuma uzi kwa meno mjukuu wake alipomuuliza kama anaweza kwenda kwenye maji ya babu, ile chemchemi ya mlimani. Mkono mmoja ulishika sindano ndefu ya kutungia tumbaku, mwingine majani, vidole vimeganda utomvu mweusi. Mtunga tumbaku mwenye uzi mdomoni hafungui mdomo. Akiufungua, utungo unaporomoka na kazi ya asubuhi nzima inarudi mwanzo. Basi akamjibu kwa kichwa. Tangu alfajiri alikuwa ameuona ukungu umekiatamia kilele cha mlima, na ukungu wa mwisho wa Agosti katika milima ya Rodopi si wa kuchezea. Alimkatalia mtoto, tena kwa mkazo. Elitsa akatabasamu, akavaa viatu vyake vyekundu, akachukua kitu mezani, akatoka uani akirukaruka.

Stamena alimwona akitoka. Alidhani anakwenda kwa Savka, jirani wa upande wa chini, kuchezea paka.

Adhuhuri ukungu ukashuka. Kwanza misonobari ya juu ilitoweka, kisha paa la kanisa, kisha mti wa plamu uliokuwa pale pale uani. Stamena akaweka sindano chini, akaepua maharage, akaenda ukutani.

"Savka! Mruhusu huyo mtoto aje ale!"

"Mtoto gani?" sauti ya Savka ikatoka ndani ya weupe.

"Mtoto gani tena, we mwanamke? Elitsa!"

"Huku hajaja. Tangu jana jioni hajakanyaga hapa. Paka wenyewe wanamuulizia."

Savka alisema hivyo kwa utani, kama alivyosema kila kitu. Kisha hakusikia jibu. Alipofika ukutani, mikono imejaa unga, alimkuta Stamena amesimama kashika jiwe la juu la ukuta, uso hauna damu.

"Aliniomba kwenda kwenye maji ya Anani," Stamena akasema. "Nikamkatalia. Savka, nilimkatalia, ulimwengu wote shahidi, nikamkatalia."

"Basi hajaenda. Mtoto mtii yule."

"Yuko wapi, basi?"

Savka akageuka, akakimbia kuelekea kanisani, na miguu yake ile mibovu ilikuwa haijakimbia miaka mingi.

Ni Stamena mwenyewe aliyeomba mtoto aletwe. Binti yake, Galena, aliishi Hispania tangu alipokuwa msichana, akaolewa huko na Elitsa akazaliwa huko huko. Februari, Anani, mumewe Stamena, alipozikwa, Galena alipiga simu kila jioni na wimbo wake ulikuwa mmoja. Mama, hamia kwetu, huko umebaki na nani, kijiji chenyewe kimebaki cha wazee na paka. Na kila jioni Stamena alimjibu. "Niondoke niende wapi, mwanangu? Hapa nikiugua, Savka anajua kabla sijajua mwenyewe. Moshi wangu ukichelewa kutoka asubuhi, mtu anagonga mlango. Wewe ndiye uliyenisimulia, kwenye jengo lenu mzee alikufa, majirani wakajua kwa harufu. Mlete Elitsa akae nami kiangazi hiki, aone nchi yake. Hapa mtoto hapotei."

Hapa mtoto hapotei. Aliyasema kwa majivuno, na sasa maneno yale yalikuwa yamesimama mbele yake kama mdai.

Kengele ikaanza kulia. Katika kijiji chao cha Dolna Sliva padri alikuja kwa nadra, kwa hiyo kengele ililia zaidi kwa misiba, polepole, pigo na kimya, pigo na kimya. Ikilia mbio bila kupumzika, ni moto au ni mtu amepotea. Milango ikafunguka. Walitoka wote, na wote waliobaki kijijini wangetosha meza moja ya harusi. Mzee mmoja alitoka na povu la kunyolea limemkaa nusu ya uso. Kosta wa mkate, ambaye alikuwa anashusha mikate kutoka kwenye gari lake mbele ya kanisa, aliacha milango ya gari wazi akaja akihema. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mnene, na ndiye aliyekuwa kijana wao.

"Nani?" akauliza.

"Mjukuu wa Stamena."

Hakuuliza jingine. Alirudi garini akachomoa kamba aliyokuwa akivutia magari yaliyokwama kwenye theluji, akajivika begani.

Kabla hawajaondoka, njuga zikasikika juu ya kijiji, nyingi, kubwa na ndogo, zikija ndani ya ukungu. Alikuwa Raif, mchungaji wa kondoo, anashusha kundi kwa sababu ya hali ya hewa. Mbwa wake wawili walitangulia, wakubwa kama ndama.

"Kengele ya nini?" akaita hata kabla hajaonekana.

"Elitsa hayupo!" Savka akajibu. "Mtoto wa Galena! Hujamwona huko juu?"

"Nimemwona."

Stamena akahisi pumzi inamrudi. Alimshika Raif koti kwa mikono miwili. "Umemwona? Yuko wapi? Sema, kaka yangu, yuko wapi?"

"Pale njia inapogawanyika. Asubuhi, kabla ukungu haujashuka. Ana viatu vyekundu. Mbona mnanitazama hivyo? Nilimuuliza vizuri tu, 'Uko na mtu mkubwa, binti?' Akanijibu ndiyo. Nikajua wewe uko nyuma yake unachuma uyoga. Nikaendelea na kondoo wangu."

"Mimi sikuwa huko!"

"Lakini alisema ndiyo."

"Alisema kwa mdomo?" Kosta akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mdomo wa nini? Aliwaogopa mbwa, alikuwa amejibana kwenye mti. Akatikisa kichwa hivi." Raif akakipeleka kichwa chake kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama watu wa nchi ile walivyofanya tangu mababu wanapokubali jambo.

Kosta akashika kichwa chake mwenyewe. "Raif, yule amezaliwa kule. Kule hivyo ni hapana."

"Hapana vipi? Kichwa ni kichwa."

"Kule ni hapana, mzee! Nimeishi kule, mimi najua. Mama mwenye nyumba ananiuliza, 'Kosta, bado una njaa?' Namtikisia hivi, ndiyo mama, nina njaa. Naye anaondoa sahani! Na ukiinua kichwa ukakishusha, kukataa kwetu, wao wanaona umekubali. Nimelala njaa miezi kwa ajili ya kichwa hiki."

"Ndiyo maana ukarudi ukauza mikate," Savka akasema, lakini hakuna aliyecheka, wala yeye hakucheka.

Hapo Stamena alijiona amekaa chini ya mti wa plamu, uzi kwenye meno, kichwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na kwa mkazo. Na mtoto akitabasamu.

"Nilimruhusu," akasema.

"Umesema hukumruhusu," Savka akasema.

"Nilimkatalia kwa kichwa. Kwa kichwa, Savka! Yeye akaona nimemwambia nenda."

Raif akavua kofia yake. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na midomo ilimtetemeka. "Nami nikamwacha apite," akasema. "Ananiambia yuko peke yake, nami namwambia haya, nenda salama."

"Mtalia baadaye nyote wawili," Savka akasema. "Tuondoke."

Wakapita mbele ya nyumba ya Stamena. Mlangoni, kwa desturi yao, ilikuwa imebandikwa karatasi ya kutangaza msiba wa Anani, picha yake imefifia kwa jua. Kando ya karatasi ile ubao wa mlango ulikuwa mtupu, nafasi ya kutosha karatasi nyingine, na Stamena alipopita aligeuza uso asiuone ule utupu.

Walipanda wakiwa wameshikana makoti. Raif na mbwa walitangulia, kisha Stamena, kisha Kosta na kamba, kisha Savka, na nyuma wazee wengine ambao magoti yao yaliwaruhusu. Waliobaki walikaa kwenye kengele kuipiga, ili kama mtoto anasikia ajue kijiji kiko upande gani. Lakini ukungu huchezea sauti. Ukisimama hapa, kengele iko kulia. Ukipiga hatua chache, iko kushoto. Baadaye ni kana kwamba inalia chini ya ardhi. Stamena alizaliwa kwenye mlima ule. Aliijua kila nundu ya njia kwa nyayo, na bado mara mbili aliukanyaga utupu mahali alipodhani pana jiwe. Mtoto aliyekuja wiki iliyopita, je?

"Elitsaaa!" wakaita.

Mbwa wakabweka. Misonobari ikadondosha maji.

Chemchemi ile Anani aliijengea mawe kwa mikono yake, kwa ajili ya roho ya mama yake, ili mpita njia anywe na kumwombea marehemu. Alipokufa mwenyewe watu wakaanza kuyaita maji ya Anani, na Elitsa, aliposikia, akayaita maji ya babu. Walipofika, maji yalikuwa yanatiririka peke yake. Juu ya jiwe palikuwa na biskuti moja, imelainika kwa unyevu.

"Amemwachia babu yake," Savka akasema, akajifunika mdomo kwa mkono wake uliojaa unga. Jumamosi walikuwa wamempeleka mtoto makaburini, akaona watu wanaacha chakula.

"Kwa hiyo alifika," Kosta akasema. "Alifika salama. Akapotea kurudi."

Wote wakamtazama Raif, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua njia hata usingizini. "Ukirudi ndani ya ukungu," akaanza, "pale panapogawanyika, njia inayoonekana pana ni ya kushoto. Kondoo wameipanua. Mgeni ataifuata hiyo. Inakwenda vizuri tu, halafu…"

Njia ya kushoto ilikwisha kwenye korongo. Majira ya baridi kondoo wa Raif aliteleza pale, na Raif hakushuka kumtafuta, alisimama juu tu akasikiliza.

Wakaifuata. Sasa hawakushikana makoti, walishikana mikono. Stamena aliona anakanyaga bila kuhisi miguu, na ndani ya kichwa sauti ya Galena ilikuwa inauliza neno moja, yuko wapi, yuko wapi, kwa utulivu, kama mtu anayeuliza kuhusu kikombe. Aliomba. Kisha akaona kwamba haombi, anajadiliana. Nichukue mimi. Chukua nyumba. Nitakwenda Hispania nikae kwenye jengo lao nisijue mtu, ila huyu umrudishe.

"Elitsaaa!"

Mbwa wakabweka tena, wakali, wakivuta mbele.

"Nyamazeni!" Stamena akapiga kelele. "Nyamazeni wote!"

Wakanyamaza.

"Anawaogopa mbwa. Wiki nzima hii, akiwasikia mbwa wa Raif anaingia chini ya meza. Tunamwita, na kila tukimwita mbwa wanabweka. Hatatujibu. Atatukimbia."

"Lakini wao ndio watamnusa upesi," Raif akasema.

"Na akikimbia, Raif, hapa atakimbilia wapi?"

Raif akatazama weupe uliokuwa mbele yao. Akawashika mbwa kwa mikanda ya shingo. "Unataka nirudi nyuma? Mimi ndiye niliyemwacha, dada. Unirudishe nyuma leo?"

"Nakuomba."

Akarudi nao hadi kwenye maji. Walisikia njuga za shingoni mwa mbwa zikififia, kisha hazikusikika. Kukawa na kimya kibaya, kile ambacho ndani yake mtu husikia mapigo ya moyo wa jirani yake.

Katika milima ile wanawake huitana kutoka mteremko hadi mteremko kwa sauti ndefu inayoanza kifuani na kupanda hadi inakuwa nyembamba kama waya. Stamena ujanani alijulikana kwa mwito huo. Lakini mwenye msiba hapandishi mwito huo mlimani mpaka mwaka utimie, na tangu Februari hakuwa ameutoa hata mara moja.

Akamgeukia Savka. "Mwaka haujaisha."

"Anani angekuzaba kofi usipoita," Savka akasema. "Ita!"

Akaita. Mwanzoni ilitoka sauti ya bawaba yenye kutu, ikakatika. Akameza mate, akaita tena, jina lile lile, na sasa lilitoka kifuani, likapanda, likaendelea kupanda, likapita juu ya korongo na kugonga upande wa pili na kurudi. Mzee mmoja nyuma yao alianza kulia.

Wakasikiliza. Hapakuwa na kitu.

Akaita mara nyingine.

"Bibi?"

Sauti ndogo, kavu. Haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka chini ya miguu yao.

"Asisogee mtu!" Kosta akanong'ona. Akalala kifudifudi, akatambaa hadi ukingoni, akachungulia. Ukungu ulikuwa unapita kwa mabonge, ukifunga na kufungua. "Naona kitu chekundu," akasema. Kisha akasema, "Ni kiatu. Kiatu kitupu."

Stamena alikuwa tayari amepiga magoti. Alihisi Savka anamshika pindo la gauni kwa nguvu, kama mtu anavyoshika mbuzi.

"Hapana, ngoja. Ngoja! Yuko hapo. Namwona. Amekaa kwenye ubao wa mwamba, amekunja magoti. Elitsa! Usisimame, mama! Kaa hivyo hivyo! Ni mimi, Kosta wa mkate!"

"Nimeteleza," sauti ikasema.

"Ndiyo, tumeona. Usiteleze tena." Kosta akarudi nyuma akiwa amefunikwa jasho. "Sehemu yenyewe haina upana wa kitanda. Chini yake hakuna kitu. Nifungeni nishuke."

"Wewe ukishuka, na sisi wote tunashuka nyuma yako," Savka akasema. "Nani wa kukushika? Mimi na nyonga zangu?"

"Mimi ndiye mwepesi," Stamena akasema.

Hakuna aliyebishana naye, na hilo lilimtisha zaidi. Savka alimzungushia kamba chini ya makwapa, akaifunga fundo la kufungia marobota ya tumbaku, akalivuta, akalivuta tena, akalitemea mate ili lisilegee. Kosta akakaa chini, akakita visigino kwenye mzizi wa msonobari, akajizungushia kamba kiunoni. Nyuma yake wazee wakaishika, mmoja baada ya mwingine. Yule mwenye povu la kunyolea lililokaukia shavuni alikuwa wa mwisho.

"Uzito wangu mlikuwa mnaucheka," Kosta akasema huku meno yamebana. "Leo ucheke mtu."

Stamena akashuka kinyumenyume. Mwamba ulikuwa na maji. Gauni lilimkwama, akalichana. Jiwe moja lilichomoka chini ya mguu wake, naye bila kutaka akasikiliza lianguke wapi, na hakulisikia likianguka. Mikono ikakataa kuachia. Alikaa hapo ananing'inia, shavu limegusa jiwe baridi, hawezi kushuka wala kupanda, na kwa kitambo alisahau amekuja kufanya nini. Alijua tu kwamba anaogopa kufa, yeye ambaye tangu Februari alikuwa amewaambia watu kwamba haogopi tena.

"Bibi, mguu wako uko karibu," mtoto akasema kutoka chini.

Akaachia mkono mmoja. Kisha mwingine. Mguu ukagusa.

Elitsa alikuwa amekumbatia kifuani chupa aliyoijaza maji ya babu, kifuniko kimefungwa. Midomo ilikuwa ya buluu. Mguu mmoja ulikuwa na soksi tu, soksi imechanika.

"Umeumia?"

Kichwa cha mtoto kikasogea, na Stamena hakujua kimejibu kwa desturi ya nchi gani.

"Kwa mdomo, kipenzi. Niambie kwa mdomo."

"Sijaumia. Naogopa."

"Na mimi naogopa."

"Wewe?" Mtoto akamtazama. "Wewe unaogopa sana?"

"Sana mno. Inua mikono."

Alijifungua kamba akamfunga mtoto. Akakaza fundo kwa meno, akalijaribu, akalijaribu tena. Chupa mtoto alikataa kuiacha. Ikaingizwa ndani ya sweta. "Vuteni!" akaita. "Polepole! Kwa jina la Mungu, polepole!"

Miguu miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa soksi, ikapanda mbele ya uso wake, ikaingia katika ukungu. Kamba ilisugua ukingo. Kisha ikashuka ghafla, kidogo, kiasi cha kiganja, na juu mtu akapiga kelele, na Stamena akanyoosha mikono juu kana kwamba angeweza kumdaka, kisha wote wawili wasimame juu ya hewa.

Kisha sauti ya Savka. "Tumemshika! Stamena! Ninaye! Ninaye mikononi!"

Stamena alikaa chini kwenye ubao ule wa mwamba, sasa peke yake na bila kamba. Ukungu ulikuwa mbele, chini na kando. Akafumba macho, mgongo ukiwa umekandamiza mwamba, akasikiliza waliokuwa juu. Kikohozi hiki ni cha nani, akakijua. Pua ile inayopengwa ni ya nani, akaijua. Kosta anahema. Mwenye povu anauliza kama mtoto ana homa, na mwingine anamwambia afunge mdomo avue koti. Hakuna sauti hata moja iliyokuwa ngeni kwake.

"Usilale huko, we kikongwe!" Savka akamtukana kutoka juu, na sauti ilikuwa na machozi. "Maharage yako yameshaganda! Nani atakula?"

"Leta kamba, we mdomo mpana," Stamena akajibu.

Ikashuka.

Galena alipiga simu jioni, kama kawaida yake. Elitsa alikuwa kitandani, ameogeshwa kwa maji ya moto, amepakwa mafuta ya kondoo miguuni kwa amri ya Raif, amefunikwa blanketi zote za nyumba. Stamena aliitazama simu ikilia. Angeweza kusema mtoto hajambo, yuko kitandani. Asingekuwa amesema uongo. Akaipokea, na kabla Galena hajamaliza salamu akamweleza yote, tangu uzi hadi kamba, kwa sauti ya chini, haraka, bila kusimama.

"Galena? Mwanangu?"

"Mpe simu."

Mtoto akashika simu kwa mikono miwili akaanza kusema kwa lugha ya kule, maneno yanakimbizana. Stamena alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama mdomo. Hakuelewa kitu. Aliyatambua majina tu yakipita, Raif, Kosta, Savka, na lake. Mtoto akaonyesha kitu kwa mkono, juu, chini. Akanyamaza akisikiliza. Akasema tena, muda mrefu, uso umekunjamana, na Stamena akawaza kwamba huko ndani ya maneno yale anahukumiwa, na kwamba hukumu yoyote itakayotoka ni ya haki. Mikono yake ilianza kukunja ncha ya blanketi.

Simu ikarudishwa.

"Mama." Galena alikuwa analia, au alikuwa amemaliza kulia. "Anasema watu wengi walikuwa wanaita jina lake. Anasema alisikia hata sauti za watu asiowajua. Ananiuliza wamelijuaje."

Stamena akalivuta blanketi hadi kidevuni mwa mtoto.

"Nakuja," Galena akasema. "Jumapili nitakuwa hapo."

"Unakuja kumchukua?"

"Sijui, mama. Nakuja tu. Usimwache uani peke yake. Usimwache, unanisikia?"

"Nakusikia. Nakusikia, mwanangu."

Simu ilipokatika mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya blanketi. Stamena akaweka kiganja chake chini ya pua yake ahisi pumzi. Akakiondoa. Akakirudisha. Hofu haikuwa imeondoka mtoto alipopandishwa. Ilikuwa imeingia naye ndani ya nyumba, imekaa.

Akasikia mtu akikohoa nje. Akatoka mlangoni. Ukungu ulikuwa umepungua, na juu ya ukuta wa uani walikuwa wamekaa wote, mabega yamegusana. Savka na kikapu cha mkate usioguswa. Kosta, viganja vimefungwa vitambaa pale kamba ilipomchuna. Raif, kofia magotini, na mbwa wake amewafunga mbali, kwenye lango la kanisa.

"Vipi?" Raif akauliza.

"Amelala. Anapumua vizuri."

"Galena?"

"Anakuja Jumapili."

Savka akavuta pumzi, akaitoa. Kosta akaangalia vitambaa vyake.

"Nendeni mkalale basi," Stamena akasema. "Mmechoka. Baridi hii."

"Tunakwenda," Savka akasema.

"Tunakwenda sasa hivi," Kosta akasema.

Hakuna aliyeinuka. Stamena akasimama kidogo, mlango nusu wazi nyuma yake, sikio moja likiwa chumbani. Kisha Raif akasogea kumpa nafasi, naye akakaa.